Sehemu za aljebra zinapogoma kurahisishika: dalili na vyanzo vyake

Mwanafunzi anayekosea kurahisisha sehemu ya aljebra mara nyingi hajui kwamba amekosea, na hilo ndilo linaloumiza. Akijumlisha 4 na 5 akapata 45, jicho lake lenyewe litashtuka. Lakini (x + 5)/(x + 2) ikigeuka 5/2, ukurasa unaonekana nadhifu, mistari ya kukata imenyooka, na jibu ni fupi kama alivyotarajia. Hakuna kinachopiga kelele.

Nimesahihisha kazi za aina hii kwa muda mrefu wa kutosha kuona kwamba makosa yenyewe si mengi. Yanarudi yaleyale, na karibu yote yana mzizi mmoja: neno "kukata". Sisi husema "kata x kwa x", na mkono unafuata neno. Kisu kikikata kitu, kilichokatwa kinaondoka mezani. Katika hesabu hakuna kinachoondoka. Kukata ni kugawanya: unagawanya kiasi chote, yaani kila kilicho juu ya mstari, na asili yote, yaani kila kilicho chini yake, kwa kitu kilekile kisicho sifuri. Shika sentensi hiyo, kwa sababu kila tiba iliyo hapa chini itairudia kwa namna yake.

## Kwanza, kipimo

Huhitaji kitabu cha majibu ili ujue kama umekosea. Chagua namba moja, iweke mahali pa herufi katika mtajo wa mwanzo, kisha iweke katika jibu lako. Mitajo iliyo sawa lazima itoe thamani moja. Ikitofautiana hata mara moja tu, kuna kosa, na hapo hakuna mjadala.

Ila namba ya kupimia haichaguliwi ovyo. Sifuri inaficha makosa, kwa sababu 3x na 8x zote zinakuwa sifuri. Moja ni mbaya zaidi, maana kila kipeo cha 1 ni 1. Aliyerahisisha (x² + 6)/x akaandika x + 6, akipima kwa 1 atapata 7 na 7, ataridhika na kufunga daftari. Angepima kwa 3 angepata 5 kwenye swali na 9 kwenye jibu. Hata 2 ina hila yake, kwa kuwa 2 + 2, 2 × 2 na 2² zote ni 4. Mimi hutumia 3, 5 au 10, nikiepuka namba yoyote inayofanya asili kuwa sifuri.

Kushindwa kipimo ni ushahidi kamili wa kosa. Kufaulu kwa namba moja si ushahidi kamili wa usahihi, kwa hiyo pima kwa mbili au tatu kabla ya kuendelea.

## Dalili: umekata herufi juu na chini, kipimo kinakataa

Huu ndio ugonjwa mkuu. Swali ni (x + 5)/(x + 2), jibu limeandikwa 5/2. Weka 10: swali linatoa 15/12, yaani 5/4. Jibu linasema 5/2. Halilingani.

Chanzo ni kukata kitu kilichojumlishwa kana kwamba kimezidishwa. x iliyo juu si kigawo cha x + 5, ni kipande tu ndani yake. Ukigawanya kiasi chote kwa x hupati 5. Unapata 1 + 5/x, na chini unapata 1 + 2/x. Sehemu yako imezidi kuwa ngumu, na hiyo ni ishara kwamba x haikuwa kitu cha kugawanyia.

Namba za kawaida nazo zinaweza kumdanganya mtu hapa. Chukua 16/64, futa 6 ya juu na 6 ya chini, inabaki 1/4, na kweli 16/64 ni 1/4. Fanya hivyo kwa 19/95, 26/65 na 49/98, zote zinakubali. Ni sadfa tupu: miongoni mwa sehemu ndogo kuliko moja zenye tarakimu mbili juu na mbili chini, ukiacha zile za kufuta sifuri za mwisho, hizo nne ndizo pekee. 16 ni 10 + 6 na 64 ni 60 + 4. Ile 6 haikuwa kigawo cha yeyote kati yao. Jaribu ufundi huohuo kwa 13/34 na utapata 1/4, ambayo si sahihi hata kidogo. Jibu sahihi lililopatikana kwa njia mbovu halihalalishi njia.

Sasa utajuaje kama kitu ni kigawo au ni kipande cha kujumlisha, hasa mtajo ukiwa mrefu? Jiulize swali moja: kama ningekokotoa kiasi hiki kwa namba, tendo langu la mwisho kabisa lingekuwa lipi? Likiwa kuzidisha, vinavyozidishwa ni vigawo na unaruhusiwa kuvikata. Likiwa kujumlisha au kutoa, weka kalamu chini.

Jaribu kwa (x + 1)(x − 4). Ungejumlisha ndani ya mabano ya kwanza, ungetoa ndani ya pili, kisha mwisho ungezidisha. Ni zao, basi kila bano ni kigawo. Sasa tazama (x + 1)(x − 4) + 3. Mabano ni yaleyale, lakini tendo la mwisho ni kujumlisha 3. Hapo x + 1 haikatiki hata kama inakutazama kutoka chini ya mstari. Hiyo + 3 ya mkiani ndiyo inayowaangusha hata walio wazuri.

## Dalili: jibu lina kipande kimoja kilichobaki kama kilivyokuwa

Huyu ni ndugu wa yule wa juu. (6x + 4)/2 inaandikwa 3x + 4. Pima kwa 5: juu kuna 34, ukigawa kwa 2 unapata 17. Jibu linatoa 19.

Mgawanyiko uligusa kipande kimoja ukamsahau mwenzake. Asili 2 inagawa kiasi chote, basi kila kipande kinapata mgawo wake: 3x + 2. Njia salama ni kutoa kigawo nje ya mabano kwanza, 2(3x + 2)/2, ndipo ukate. Ukifanya hivyo kosa hili haliwezi kutokea, kwa sababu 2 inakuwa imesimama peke yake ikionekana wazi kuwa ni kigawo cha kiasi chote. Hali ni hiyohiyo kwa (x² + 3x)/x: ni x(x + 3)/x, yaani x + 3, wala si x + 3x.

## Dalili: jibu limekuwa sifuri, au limepinduka

Swali: (x − 4)/((x − 4)(x + 1)). Wengine huandika 0/(x + 1) wakasema jibu ni sifuri. Wengine huandika x + 1. Hapa neno "kukata" linajionyesha waziwazi: kimekatwa, basi juu hakuna kitu, basi sifuri, au juu hakuna kitu, basi tuandike kilichobaki.

Kitu chochote kisicho sifuri kikigawanywa kwa chenyewe kinatoa 1. Jibu ni 1/(x + 1). Nawashauri wanaoanza waandike ile 1 ndogo pembeni ya kila kilichokatwa, kila mara, mpaka mkono uzoee. Inachukua nusu sekunde.

## Dalili: hakuna cha kukata, lakini unahisi kuna jibu fupi zaidi

Hapa hujakosea. Umesimama kabla ya kazi kuanza. Tazama (2x² − 18)/(x² + 5x + 6). Juu ni kutoa, chini ni kujumlisha, hakuna vigawo vinavyoonekana. Vigawo vipo, ila vimejificha, na lazima uvitoe kabla ya kufikiria kukata.

Anza daima na kigawo kikubwa cha shirika. Juu, 2 inatoka nje: 2(x² − 9). Usikimbilie kingine kabla ya hiki, kwa sababu ni 2 hiyo iliyokuwa inaficha kwamba x² − 9 ni tofauti ya vipeo vya pili viwili, yaani (x − 3)(x + 3). Chini, tafuta namba mbili ambazo zao lake ni 6 na jumla yake ni 5: ni 2 na 3. Kwa hiyo

2(x − 3)(x + 3)/((x + 2)(x + 3)) = 2(x − 3)/(x + 2).

Pima kwa 5: 32/56 ni 4/7, na upande wa pili 4/7. Safi.

Penye x² yenye namba mbele yake, kwa mfano 2x² + 7x + 3, wengi hubahatisha. Kuna njia isiyo ya kubahatisha: zidisha namba ya kwanza na ya mwisho, 2 × 3 = 6, kisha tafuta namba mbili zenye zao 6 na jumla 7. Ni 6 na 1. Vunja kipande cha kati: 2x² + 6x + x + 3. Kusanya mawili mawili: 2x(x + 3) + 1(x + 3). Toa bano la pamoja: (2x + 1)(x + 3). Ile 1 iliyo mbele ya bano la pili isipoandikwa hupotea, na bano la 2x + 1 linageuka 2x. Nimeiona ikipotea mara nyingi mno.

Kisha kuna ujanja ambao laiti ningeuonyeshwa mapema zaidi. Huna haja ya kutafuta vigawo vya pande zote mbili kwa jasho sawa. Anza na upande rahisi, halafu uulize kama vigawo vyake vimo katika upande mgumu. Chukua (2x² + 7x + 3)/(x² − 9). Asili ni rahisi: (x − 3)(x + 3). Kwa hiyo kinachoweza kukatwa ni x − 3, au x + 3, au vyote, au hakuna. Kwa kigawo x + 3, weka −3 katika kiasi: 2 × 9 − 21 + 3 = 0. Imetoka sifuri, basi x + 3 ni kigawo cha kiasi. Kwa x − 3, weka 3: 18 + 21 + 3 = 42. Si sifuri, basi x − 3 si kigawo. Sasa unajua kabla hujaandika chochote kwamba bano moja la kiasi ni x + 3, na lile lingine lazima lianze na 2x na kuishia na 1. Jibu ni (2x + 1)/(x − 3).

Ujanja huu una faida nyingine kubwa: unakuambia lini uache kutafuta. (x² + 4)/(x + 2) inawasumbua wengi kwa sababu inafanana na tofauti ya vipeo vya pili. Weka −2 juu: 4 + 4 = 8. Si sifuri. Basi x + 2 haimo, na sehemu hiyo imekwisha kurahisishwa tangu ilipozaliwa. Lakini (x³ + 8)/(x + 2), inayoonekana ngumu zaidi, inatoa −8 + 8 = 0 juu. Kigawo kimo, na jibu ni x² − 2x + 4.

## Dalili: namba ni sahihi, alama ni kinyume

Ukipima ukapata 4/7 upande mmoja na −4/7 upande wa pili, usianze upya. Kosa ni moja, na limejificha katika mojawapo ya sehemu tatu.

La kwanza: mabano yaliyogeuzwa. x + 3 na 3 + x ni kitu kimoja, kwa hiyo (x + 3)/(3 + x) ni 1. Lakini x − 3 na 3 − x ni kinyume cha kila mmoja, na (x − 3)/(3 − x) ni −1. Ukiona (5 − x)/(x² − 25), andika 5 − x kama −(x − 5) kabla ya kukata, upate −1/(x + 5). Pima kwa 6: juu −1, chini 11. Sawa. Kinyume chake pia hutokea: mtu aliyejifunza kwamba "kugeuza kunaleta hasi" anaweka hasi hata kwenye 3 + x. Kujumlisha hakujali mpangilio, kutoa kunajali.

La pili: alama za vigawo. x² − 5x + 6 ni (x − 2)(x − 3), bali x² − 5x − 6 ni (x − 6)(x + 1). Tofauti ni alama moja ndogo mwishoni na mabano yote yanabadilika. Fungua mabano yako kichwani kila mara uone kama yanarudi ulikotoka.

La tatu ndilo sugu, nalo ni kutoa sehemu kutoka kwa sehemu:

(3x + 1)/(x − 2) − (x + 5)/(x − 2)

Mwanafunzi anaandika juu 3x + 1 − x + 5, anapata 2x + 6, na hapo hakuna kinachokatika. Ukweli ni 3x + 1 − (x + 5), yaani 3x + 1 − x − 5, yaani 2x − 4. Ukitoa 2 nje unapata 2(x − 2)/(x − 2), na jibu zima ni 2.

Mstari wa sehemu ni bano. Tangu al-Hassar, mwanahisabati wa Maghreb, alipoutumia katika karne ya 12, mstari huo umekuwa ukifanya kazi mbili: unagawanya, na unafunga pamoja kila kilicho juu yake na kila kilicho chini yake. Unapounganisha sehemu mbili juu ya mstari mmoja, bano lile lisiloonekana linavunjika, na ni jukumu lako kuliandika kwa wino kabla halijapotea. Sheria yangu haina msamaha: ukiona alama ya kutoa mbele ya sehemu, chora mabano kwenye kiasi chake kwanza, fikiria baadaye.

## Dalili: asili imetoweka

Swali: rahisisha 1/x + 1/3. Jibu lililoandikwa: 3 + x. Kipimo kwa 3: swali linatoa 2/3, jibu linatoa 6.

Aliyeandika hivi si mzembe. Amejifunza kutatua milinganyo, na pale aliambiwa azidishe kila kitu kwa kigawe kidogo cha shirika ili asili ziondoke. Hapa kigawe hicho ni 3x, naye amezidisha. Lakini mlinganyo una pande mbili: ukizidisha upande mmoja kwa 3x, upande wa pili nao unazidishwa, na usawa unabaki. Neno aljebra lenyewe limetokana na al-jabr, jina alilolitumia al-Khwarizmi katika karne ya 9 kwa kurejesha kilichotolewa upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Mtajo hauna upande wa pili. Ukiuzidisha kwa 3x umeubadilisha kuwa mara 3x ya ulivyokuwa, na hakuna mahali pa kufidia.

Kwa mtajo, unachoruhusiwa ni kuzidisha juu na chini kwa kitu kilekile: 3/(3x) + x/(3x) = (x + 3)/(3x). Asili inabaki mpaka mwisho. Kabla ya kuanza, tazama swali: lina alama ya sawasawa? Kama halina, asili hazifutwi.

Kosa la kuandika 2/(x + 3), yaani kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, linaondoka lenyewe ukikumbuka kwamba nusu mbili hazifanyi 2/4.

## Dalili: jibu ni sahihi lakini refu mno

Mara nyingi ulizidisha asili zote badala ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Katika x/(x² − 4) − 1/(x + 2), asili ya pili tayari imo ndani ya ya kwanza, kwa kuwa x² − 4 ni (x − 2)(x + 2). Sehemu ya pili inahitaji tu x − 2 juu na chini:

(x − (x − 2))/((x − 2)(x + 2)) = 2/((x − 2)(x + 2)).

Aliyezidisha asili zote mbili atafika kwenye (2x + 4)/((x² − 4)(x + 2)). Si kosa, ni kazi isiyokwisha: toa 2 nje, kata x + 2, umefika palepale. Kwa hiyo tafuta vigawo vya asili kabla ya kujumlisha, si baada.

## Dalili: kugawanya sehemu kwa sehemu kunaleta vurugu

Inayopinduliwa ni ile ya pili, ile inayogawa. Na usikate chochote kabla hujapindua, kwa sababu vitu vinavyoonekana kukabiliana juu na chini vitahamia upande mmoja. Kwa mfano,

(x² − 1)/(x + 4) ÷ (x + 1)/(2x + 8)

inageuka (x − 1)(x + 1)/(x + 4) × 2(x + 4)/(x + 1), na jibu ni 2(x − 1).

Sehemu zilizopandana, kama (1 + 1/x)/(1 − 1/x²), zinatisha kuliko zinavyostahili. Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha asili zote ndogo, hapa ni x², uzidishe juu yote na chini yote: (x² + x)/(x² − 1). Halafu vigawo: x(x + 1)/((x − 1)(x + 1)) = x/(x − 1).

## Dalili: vipeo havikai sawa

Kwa ufupi. x⁶/x² ni x⁴, kwa kuwa vipeo vinatolewa, havigawanywi. (3x)²/(3x²) si 1: juu ni 9x², basi jibu ni 3. Kipeo kilicho nje ya mabano kinagusa kila kilichomo. Kisicho na mabano kinagusa herufi iliyo jirani yake tu.

## Dalili: kipimo kinakubali kila namba isipokuwa moja

Umerahisisha (x² − 9)/(x − 3) ukapata x + 3. Umepima kwa 5, kwa 10, yote sawa. Kisha unaweka 3: jibu linasema 6, na swali linatoa 0/0, ambayo haina thamani. Kikokotoo kinaonyesha kosa.

Hujakosea kukata. Ulichosahau ni sharti. Ulipogawanya kwa x − 3 ulichukulia kwamba si sifuri, na dhana hiyo ni kweli kwa kila x isipokuwa 3. Kwa hiyo jibu kamili ni x + 3, ambapo x si 3. Ukichora grafu ya sehemu ya mwanzo utapata mstari ulionyooka wenye tundu moja mahali pa (3, 6); ukichora x + 3 peke yake, tundu halipo.

Masharti haya hayaonekani tena baada ya kukata, kwa hiyo yaandike mwanzoni, ukitazama kila asili ya swali. Katika kugawanya sehemu kwa sehemu kuna zaidi: kiasi cha ile inayogawa nacho hakiruhusiwi kuwa sifuri, maana kinakwenda chini ukipindua. Katika mfano wetu wa kugawanya, x haiwezi kuwa −4 wala −1, ingawa jibu 2(x − 1) halionyeshi lolote kati ya hayo. Na ile sehemu iliyopandana inakataa 0, 1 na −1.

Wanaodhani hili ni jambo la kujaza karatasi nawaomba wafuate hatua hizi. Tuseme a = b. Zidisha pande zote kwa a: a² = ab. Toa b²: a² − b² = ab − b². Tafuta vigawo: (a − b)(a + b) = b(a − b). Kata a − b pande zote: a + b = b. Kwa kuwa a = b, tunapata 2b = b, yaani 2 = 1. Kila hatua inafanana na tulizofanya hapa. Kosa ni moja: a − b ni sifuri, na tulikata kwa hiyo.

## Dalili: kipimo kinakubali, lakini jibu la kitabu halifanani na lako

Kama namba mbili au tatu zimekubali, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyote mko sahihi na mmevaa nguo tofauti. (3 − x)/(x + 2) na −(x − 3)/(x + 2) ni kitu kimoja. 2(x − 3)/(x + 2) na (2x − 6)/(x + 2) ni kitu kimoja. (x + 6)/x na 1 + 6/x pia. Usilifute jibu lako kwa sababu tu halifanani. Pima kwanza kitabu dhidi ya swali, kisha jibu lako dhidi ya swali.

Kuhusu umbo la kuacha, nina maoni yangu. Acha asili ikiwa katika vigawo, bila kufungua mabano, kwa sababu hapo kila mtu anaona namba zilizokatazwa na hatua inayofuata, kama ipo, itavihitaji. Kiasi kifungue tu kama unakwenda kujumlisha au kutoa. Kama unakwenda kuzidisha, nacho kiache katika vigawo.